Sima Juu ya Matofali ya Mwingereza

Papa wangu,

Nakuandikia juu ya ile nyumba ya Mwingereza kwenye njia ya Isangi, uliyoitunza tangu kabla sijazaliwa. Nilipokuwa na miaka tisa ulinisimamisha mbele yake ukaniuliza matofali yamelala namna gani. Nikaona mstari mmoja umeonyesha mbavu, wa juu yake umeonyesha vichwa, hivyo hivyo hadi kwenye paa. "Ndivyo wanajenga kwao," ukasema. "Matofali iko nashikana." Kisha ukanionyesha bomba la moshi, na meko ambayo hakuna aliyewahi kuyawasha katika joto letu hili, tukacheka.

Ufundi nilijifunza kwako. Miguu yako ilipokataa, kazi ya nyumba ile ikawa yangu. Mwenye nyumba mpya alitaka kuta laini, nyeupe, kama anazoziona mjini, mtaa wa Kabondo. Ukanionya ukiwa kitandani: "Usipake sima. Ukuta ile walijenga na chokaa, iko napumua. Ukiifunga, maji itabaki ndani."

Nilijua unasema kweli. Lakini chokaa ingetaka wiki nyingi, na mwenye nyumba alikuwa na haraka. Niliogopa angemwita fundi mwingine. Nikapaka sima, ile saruji ya mifuko inayokauka upesi. Nilipomaliza ukaniuliza, "Bon, umetumia nini?"

"Chokaa, papa."

Ukaitikia kwa kichwa tu. Miezi miwili baadaye tulikuzika.

Misimu miwili ya mvua imetosha. Sima imebanduka na kung'oa nyuso za matofali. Ukuta wa upande wa mto ulivimba, na juzi tumeubomoa kabla haujaua mtu. Nilimwambia mwenye nyumba kwamba kosa ni langu.

Jioni nikamweleza Tonton, mdogo wako, kwamba nilikudanganya. Akasema: "Papa yako alijua. Alinilazimisha nimupeleke na pikipiki, nikamubeba mpaka kwenye ukuta. Akaigusa na mukono, akasema turudi. Akaniambia, 'Usimwambie mutoto. Ataona haya.'"

Kwa hiyo ulijua, papa. Miezi ile miwili nilikaa kando ya kitanda chako, nikikulisha uji kijiko kwa kijiko, tukazungumza habari za mvua na za majirani. Ulinipa nafasi kila siku, na kila siku nilikupangusa mdomo nikaenda zangu.

Pumzika, papa.

Ni mimi, mwanao uliyemfundisha kazi