Beji ya Hewa Safi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimewavisha mafundi kumi na wawili wa vipimajoto beji za kunasa mvuke wa zebaki, kila mmoja ukosini. Ya kumi na tatu nimeiacha nyumbani, kabatini, kama kawaida. Hiyo ndiyo beji ya hewa safi. Maabara hukipunguza kiasi chake kutoka kila kipimo cha kiwandani, ibaki sumu ya kiwandani tu. Mpuliza vioo, waliyempachika jina la Mkono-Chuma, aliniuliza kama hatimaye nimemletea nishani. Kicheko! Alipotia sahihi, jina lake lilitambaa nje ya mstari.

Alhamisi, 6 Machi

Majibu ya maabara: sifuri. Wote kumi na wawili, mwezi wa tatu mfululizo! Meneja amefuta ununuzi wa feni za kutolea mvuke nje. Nilimwonyesha sahihi zinazozidi kutetemeka; akasema labda kalamu zetu mbovu. Mkono-Chuma hakubisha. Aliniuliza tu, kwa upole:

“Dada mpimaji, karatasi yako inasema mimi mzima. Sasa huu mkono ni wa nani?”

Ijumaa, 7 Machi

Nimeomba maabara tarakimu kama zilivyo, kabla ya kutoa kiasi cha ile ya kumi na tatu. Beji zao zimejaa. Zote! Ila ya kumi na tatu imejaa kuliko hizo zote. Miezi mitatu nimetoa sumu katika sumu, nikaiita sifuri.

Imefikaje kabatini? — Koti langu la kazi. Nalitundika mle kila jioni. Na kabati limo chumbani kwa mama.

Jumamosi, 8 Machi, asubuhi

Barua ya kufuta majibu yote nimempelekea meneja. 

Nimezunguka nyumbani na kipima-mvuke cha mkononi. Sebuleni, kidogo. Kabatini, king'ora. Hakuna harufu, hakuna rangi. Pazia limetulia tuli. Nimemtaka mama ahamie kwa dada leo hii. Amecheka: tangu lini koti likamfukuza mtu kwake?

 Kisha akaniambia jambo alilonificha wiki tatu, asinitie hofu: kila alfajiri huja mtu akatikisa kitanda. Husali mpaka aondoke.

Naandika nikiwa kando yake, tukimsubiri dada. Madirisha yote wazi. Mama ameketi ukingoni, viganja juu ya magoti.

“Umemsikia, mwanangu?” ananong'ona. “Ndiye huyo, ameanza.”

Nimeweka kiganja changu juu ya godoro. Kitanda kimetulia — magoti ya mama ndiyo yanayotikisika.