Vigingi vya Kivuko

Jumatatu, 4 Machi

Mtaa mpya, kazi mpya. Nyapara ametukusanya asubuhi akatusomea ramani. Magari yatanyang'anywa njia moja kila upande, wapewe waenda kwa miguu. Baiskeli nazo zina njia yake. Miti itapandwa. Na mbele ya geti la zahanati kitajengwa kivuko kilichoinuka kama tuta pana, gari likifika pale lipande polepole, mgonjwa avuke bila kukimbia.

Sikuamini. Miaka kumi na minne nimejenga barabara, na mtu wa miguu nimemwona akisukumiwa mtaroni tu. Leo wamempenda ghafla? Mkono mtupu haulambwi. Kuna mtu anakula hapa.

Halafu kuna mama wa ofisi ya mipango. Amekaa ng'ambo juu ya ndoo iliyopinduliwa, kidude mkononi, anabonyeza, anabonyeza. Zege kambatiza Bi Sensa. Zege ndiye ninayelala naye chumba kimoja, tumetoka wilaya moja, siku mbili kwa basi — jitu kubwa, halikasiriki upesi, lakini likishakauka limekauka. Anasema yule mama anahesabu wavukao. Mimi nasema anatuhesabu sisi, mara ngapi tunanyoosha migongo.

Nyapara alimaliza hivi: atakayesogeza kigingi cha mpima asikirudishe pale pale, afungashe virago siku hiyo hiyo. Hakucheka.

Jumatano, 6 Machi

Lori la kokoto limekuja, na vigingi viwili vya kivuko viko njiani. Nyapara alikuwa na simu sikioni. Akaniashiria: ng'oa, utarudisha. Nikafanya kama tunavyofanya siku zote — hatua kutoka nguzo ya taa, hesabu, andika kiganjani. Ishirini na mbili. Nimeihamishia hapa daftarini, jasho lisije likala namba.

Bi Sensa alinitazama muda wote. Akabonyeza. Mara moja! Kwa nini?

Ijumaa, 8 Machi

Jana kutwa tulikuwa mwisho wa mtaa, tunabomoa lami ya zamani. Leo nimerudishwa kwenye kivuko. Mlima wa kokoto huku, uzio wa mabati kule, humwoni hata aliye ng'ambo. Hatua ishirini na mbili kutoka kwenye nguzo. Nimepigilia vigingi, nimekaza uzi. Mgongo umegoma kunyooka.

Nyapara alipita akasema, "Safi, Mwalimu." Wananiita Mwalimu kwa ajili ya daftari hili, mimi niliyeishia darasa la tano. Nyapara hasifii mtu bure. Anataka nini?

Jumatatu, 11 Machi

Kivuko kimehama!

Mabati yameondolewa asubuhi, na uzi hauelekei geti la zahanati. Unaelekea duka la makochi, lile lenye milango ya vioo. Geti liko kule. Kwa mwenye miguu mizima si mbali. Kwa mwenye magongo ni safari. Nimemwona mama mjamzito akivuka pale pale getini kama zamani, mkono mmoja tumboni, mwingine unayasimamisha magari. Dereva mmoja kampigia honi na matusi juu.

Saa nne mwenye duka akaja na soda baridi. Moja. Ya nyapara. Wakacheka, wakapigana mabega.

Aha!

Vigingi niliviweka vizuri Ijumaa. Basi aliyevigusa alivigusa Jumamosi au Jumapili. Na funguo za uzio anazo nani? Mtu mmoja tu.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia Zege wakati wa kula. Akatafuna mpaka akamaliza. Kisha: "Ndugu yangu, soda moja inanunua kivuko?" Nikamwambia soda ni ile tuliyoiona. Akasema mdomo uliponza kichwa, na wewe kichwa chenyewe unacho kimoja.

Mke wangu kapiga simu. Nimemsimulia. Akacheka hadi akakohoa. Eti, baba watoto, wewe hata posa yako ilipokubaliwa haraka uliuliza nina kasoro gani. Kweli niliuliza. Sijajibiwa mpaka leo.

Jumatano, 13 Machi

Nimevuka kwenda kwa Bi Sensa. Kumbe ana sauti ya upole! "Karibu, kaka," akanisogezea ndoo ya pili. Akanionyesha karatasi zake. Jana peke yake, watu mia sita na kitu wamevukia getini. Mbele ya duka la makochi, kumi na wanane. Ana safu ya wenye magongo, safu ya wenye watoto mgongoni, safu ya wazee. Anasema barabara ndiyo ifuate nyayo za watu, siyo watu waburutwe kuifuata barabara. Neno hilo limenikaa moyoni. Watu kama sisi, kuhesabiwa! Na siyo kwa ajili ya kufukuzwa.

Nikammwagia yote. Soda, kicheko, funguo. Akaandika. Kisha akainua kalamu: "Una hakika, kaka?" Nikasema nimeona kwa macho yangu haya mawili.

Macho haya yameona soda tu. Lakini hilo sikulisema.

Alhamisi, 14 Machi

Nyapara kasimamishwa kazi. Injinia kaja mwenyewe saa moja asubuhi. Nyapara kavua helmeti, kampa mlinzi funguo, kasimama kando kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi kidogo.

Mpima akaja na vyombo vyake. Vigingi siyo pale alipoviweka, hilo kalithibitisha. Juu ya ngazi, kwenye ile nguzo ya taa, alikuwepo fundi umeme, anafunga taa mpya, zile fupi za kuwamulikia waenda kwa miguu. Akawauliza walio chini wamepoteza nini. Wakamwambia. Akasema, "Ila msije mkapima kutoka kwenye nguzo hii, mtapotea. Tuliihamisha Alhamisi iliyopita. Ilikuwa kule." Akaonyesha kwa bisibisi kiraka cha zege jipya, kule karibu na zahanati.

Mpima akasema, "Nani mjinga anapima kwa nguzo?" Wakacheka wote.

Na mimi nikacheka. Nilicheka!

Saa sita wenzangu walipokwenda kula nikaenda kwenye kile kiraka. Nikageuka. Nikahesabu hatua. Ishirini na mbili. Nikainua macho.

Geti la zahanati, usoni pangu.

Sikula.

Ijumaa, 15 Machi

Saa tatu asubuhi. Nipo kwenye kiti nje ya kontena la ofisi. Wameniita nije nishuhudie dhidi ya nyapara. Ndani yumo yeye, injinia na Bi Sensa. Ukuta ni bati, kila neno linatoka.

Zege nimemwambia tukiwa njiani. Akasimama katikati ya watu. "Sasa si useme tu?" Kama anaomba chumvi! Nikamwambia nikisema mimi ndiye nitakayefungasha, na nyumbani wanne wananitegemea. Akasema, "Na huyo unayemwangusha, kwao hawali?" Hajanisemesha tena. Amekauka.

Injinia anauliza nani aling'oa vigingi siku ya lori. Nyapara anajua! Si ndiye aliyeniashiria mwenyewe? Ataje jina, basi, tumalize.

Nyapara anasema kazi yote ya pale ilikuwa chini yake. Wamwandike yeye.

Injinia kauliza tena, kwa ukali. Nani? Jibu lile lile.

Bi Sensa anauliza habari za soda. Nyapara anasema mwenye duka ni shemeji yake, kaoa dada yake mdogo, soda huletewa kila siku tangu tuanze mtaa huu. Kila siku! Mimi nimeiona moja.

Lakini kwa nini hanitaji? Nageuza huku, nageuza huku, natafuta ujanja wake uko wapi. Labda anaingoja siku yake. Labda anataka niwe mtumwa wake maisha. Labda ameshasikia niliyomsema, na hii ndiyo njia yake ya kunichoma. Mtu habebi mzigo wa mwenzake hivi hivi. Mimi sijapata kumwona.

Mlango umefunguliwa. Bi Sensa. "Kaka, ingia. Tumebaki na wewe tu." Nimemwomba dakika moja niweke kalamu. Amesimama ananingoja, mkono kwenye kitasa.

Nyapara namwona nyuma yake. Yuko kwenye benchi, helmeti magotini. Ameniona. Amesogea pembeni, ameacha nafasi karibu naye nikae.

Ana nia gani huyu —