Maboga na Kidole cha Lynnette

Mishomoroni,
5 Mei 2024

Mwanangu Eddah,

Bwana asifiwe. Hujambo wewe, na mumeo Justus hajambo? Baridi ya huko Kitale je, bado mwalala na masweta? Huku tu wazima, ila goti langu la kushoto na mimi hatuelewani. Ndugu yako Gershom yuko safarini na lori, amepeleka mzigo Kampala. Kuhusu simu usinilaumu. Nikiiweka sikioni nasikia kama mtu anaongea ndani ya pipa, ndiyo maana nimeona niandike.

Neno lenyewe ni maboga. Mvua imenyesha vizuri, mashina yametambaa mpaka ukutani kwa jirani Milcah, maua ni mengi mpaka raha. Lakini kila kiboga kikifika ukubwa wa ndimu kinageuka manjano, kinaanguka. Sijavuna hata kimoja, mimi ambaye watu hutoka Kisauni kuja kuniuliza maboga!

Na sababu naijua. Mke wa Gershom, Lynnette, alipotoka hospitali baada ya ile mimba yake kutoka, nilimketisha nyuma ya nyumba apunge upepo. Basi si akanyoosha kidole, hivi, wazi kabisa: "Mama, tazama, kimetoka kiboga!" Nikashika kichwa. Boga changa halinyooshewi kidole, huonyeshwa kwa ngumi. Hilo kwetu hata mtoto wa nasari analijua, lakini yeye ni wa Kitui, nani alimfunza? Nikamwambia aume kidole kuondoa mkosi, akacheka. Hazikupita siku maboga yakaanza kuanguka. Sasa nimemkataza kukanyaga shambani. Sina ubaya naye, ila mtu aliyetokwa na mimba juzi hana mkono wa kukaribia kitu kichanga.

Wewe ndiwe afisa wa kilimo, nitafutie dawa. Ile ya kuua wadudu nimepuliza kila asubuhi maua yakifunguka. Ule mpapai dume nao nimeupigilia misumari uzae, bado watoa maua tu. Mnazi nimeutia chumvi. Mchana simwagilii maji, majani yasiungue.

Nakusubiri.

Mamako,
Mapenzi


Kitale,
14 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na masweta bado tumevaa. Goti ulikande kwa maji ya moto, na usipande ngazi ya Milcah kwa ajili ya umbea.

Kwanza ng'oa misumari, mama. Mpapai haugeuki jike kwa kutishwa. Iko mingine hubadilika yenyewe hali ya hewa ikibadilika, basi mwenye nyundo ndiye apataye sifa. Maji ya mchana hayaunguzi majani, hukauka upesi tu ukawa umejichosha bure. Lakini chumvi kwenye mnazi, hapo una haki kabisa. Watu wamepima, wakaona mnazi waitaka. Unaona? Sikukatalii kila kitu.

Sasa maboga. Mmea wa boga una maua ya aina mbili. Ua dume lina kikonyo chembamba kirefu. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake tangu siku linapochanua. Kile kiboga ulichodhani kimeshashika, mama, kilikuwa bado. Kinangoja ule unga wa manjano wa ua dume. Nyuki ndio huuleta, tena asubuhi tu, kabla jua halijakuwa kali, kwa maana ua likishajifunga halifunguki tena. Kisipoletewa, kinageuka manjano na kuanguka, hata kama hakuna binadamu aliyekiangalia.

Na wewe wapuliza dawa asubuhi ile ile. Nyuki gani atakuja?

Acha dawa. Chuma ua dume alfajiri, libandue majani yake, kisha ulisugue taratibu ndani ya ua jike. Wala usiniamini kwa maneno, fanya jaribio. Maua jike mengine yafunge uzi mwekundu, uyape unga kwa mkono, na kila siku Lynnette ayanyooshee kidole apendavyo. Mengine yafunge uzi mweupe, uyafunike kwa chandarua nyuki wasiingie, usiyape kitu, na mtu yeyote asiyaonyeshe kidole. Halafu utaniambia yapi yameanguka.

Na Lynnette umruhusu arudi shambani. Tafadhali, mama.

Mwanao,
Eddah


Mishomoroni,
2 Juni 2024

Eddah,

Salamu. Nimepata barua yako, nimeisoma mara moja, imetosha.

Mimi nimeanza kula maboga kabla babako hajaniona. Mamangu alilima, nyanyangu alilima, hakuna aliyekwenda kusugua maua alfajiri kama mwendawazimu. Ati nifunge nyuzi! Watu wa mtaa wanione!

Lynnette hayupo. Siku moja Milcah aliniuliza ukutani kwa nini simpi mkwe wangu jembe. Nikamjibu kwamba kile kitu mkono wake unachogusa hakikai, liwe ni boga awe ni mtoto. Sikujua Lynnette yuko dirishani. Alikunja nguo zake akaenda Mikindani kwa dadake, na Gershom aliporudi akakuta kitanda kitupu. Sasa ndugu yako akija anakula, ananishukuru kwa chakula, anatoka. Hanitazami.

Lakini neno nililosema ni la wazee, si langu.

Mamako


Kitale,
11 Juni 2024

Shikamoo mama,

Natumai goti limepoa.

Ile Krismasi ya mwaka juzi niliposema nina kazi nyingi siwezi kuja, sikuwa na kazi. Nilikuwa hospitali. Mimba yangu ilitoka, mama. Justus alitaka akuite, nikamkatalia. Niliogopa. Niliogopa utaniuliza niligusa nini, nilimpita nani njiani, nani aliniangalia. Nilikuhitaji mno, nikalia na mto.

Daktari alinieleza kwamba mara nyingi mimba changa hutoka kwa sababu haikuungana vizuri tangu mwanzo. Si mkono wa mtu, si jicho, si kidole. Nilikuwa nawaambia wakulima maneno kama hayo kuhusu mimea kila siku, lakini nilipoambiwa mimi, ndipo nikapumua.

Kwa hivyo ukisema mkono wa Lynnette haukai na kitu, na wangu je? Mimi ndiye mtoto wako. Hebu niambie na mimi nisikanyage shambani kwako.

Nakupenda, ndiyo sababu nimekuandikia.

Mwanao,
Eddah


Mishomoroni,
11 Agosti 2024

Eddah wangu, mwana wangu wa tumboni,

Bwana asifiwe. Sikukujibu upesi kwa sababu kila nikishika kalamu, macho yananikatalia. Mto! Ulie na mto na mamako nipo hai! Pole, mwanangu. Pole, pole sana. Mwambie Justus nami nampa pole, alipoteza pia.

Nilifunga nyuzi.

Nyekundu na nyeupe, na Milcah alinicheka mpaka akakaa chini. Alfajiri nilikuwa nimeinama na ua dume mkononi, goti lalia, nami nalisugua kwa taratibu. Lynnette hakuwapo wa kunyoosha kidole, basi nikanyoosha mimi. Hiki changu, wazi, kila siku, huku moyo wanidunda. Yale ya uzi mweupe niliyafunika vyema, nikawa hata nikipita nafumba macho.

Meupe yameanguka yote. Mekundu yameshika. Moja panya walilitafuna, nikawa tayari kumsingizia mtu, nikajizuia! Na dawa nilipoiacha, nyuki wamerudi, sasa hata sina haja ya kusugua.

La kwanza kukomaa nililiweka kwenye kikapu nikaenda nalo Mikindani. Dadake Lynnette alinikaribisha kwa ubaridi, nami nilistahili. Lynnette mwenyewe alitoka akasimama mlangoni. Akaniamkia, huyo mtoto, akaniambia shikamoo baada ya yote! Nikamwambia, "Nisamehe." Mimi, mama mkwe, mbele ya dadake. Nikamwambia mkono wake hauna neno, wala tumbo lake halina neno, na aliyekosa ni mdomo wangu. Akaniuliza, "Nani alikufunza, mama?" Nikamwambia ni mwanangu. Sikumwambia zaidi, hilo ni lako.

Alilia, nikalia, boga likabaki kwenye kikapu. Hakurudi nami siku ile. Alirudi Jumamosi, akashuka na begi, akapita nyuma ya nyumba moja kwa moja hadi shambani bila kuniuliza. Gershom tangu hapo ananitazama.

Sasa sikiliza. Liko boga moja karibu na ukuta, kubwa kuliko yote. Lynnette ataka tulikate, nimekataa. Ni lako. Chukua likizo, panda basi uje na Justus wako, ukanyage shamba langu kila pembe, kisha usimame hapo ulinyooshee kidole, mwanangu. Ulinyooshee vyote kumi.

Mamako anayekungoja,
Mapenzi