Joho la Mchungaji kwenye Matanga ya Mama

Bertrams, Johannesburg
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa machozi. Presha yako imetulia? Umekula leo, au sahani inarudi jikoni kama ilivyoletwa? Sisi huku ni wazima wa mwili. Uliponiambia kwenye simu kwamba mama amefariki nilishindwa kutamka neno, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika, Baba. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka ulipotufundisha historia, somo la wafalme wa Ulaya ya zamani? Ulisema watu walichoshwa na vita, wakatamani mkono mmoja wenye nguvu. Mfalme akachukua majeshi ya mabwana wakubwa, akaacha kuliita baraza, akasema Mungu ndiye aliyemkalisha kitini, na anayempinga anampinga Mungu. Kisha yule wa Ufaransa akajenga jumba nje ya mji, akawahamishia mabwana huko, wakawa wanagombea heshima ya kumshikia mshumaa akienda kulala. Tulicheka darasa zima. Ukagonga meza: "Msicheke! Huyo mshika mshumaa alikuwa na ngome yake nyumbani." Siku hizi sicheki tena.

Kanisa letu lilianzia kwenye gereji hapa Bertrams, wakati wa zile fujo, maduka ya wageni yalipovunjwa nasi tukawa tunalala na viatu. Mchungaji alitukusanya, akatutia moyo, hilo simnyimi. Palikuwa na wazee watano wa kanisa, mume wangu Bahati mmojawapo, na hakuna jambo lililopita bila kikao chao. Mchungaji hakuwafukuza. Aliacha tu kuwaita. Akahamia nyumba kubwa kule mlimani, mtaa wa Observatory, na wazee wakaanza kupanda huko kila asubuhi, huyu abebe Biblia, yule afungue mlango wa gari. Bahati alipewa kazi ya koti la Mchungaji, kumvika na kumvua. Siku hiyo alirudi akiimba. Tangu hapo bomba la jikoni linavuja, na mimi nazungumza na cherehani.

Halafu likatoka neno madhabahuni: pasiwe na mkusanyiko nyumbani kwa mtu bila ruhusa ya Mchungaji, hata wa matanga. Alisema jikoni ndiko watu wanakomsengenya mpakwa mafuta.

Basi mama akafa, nami nikalazimika kuomba ruhusa ya kumlilia. Bahati alikwenda kuniombea. Alirudi akiangalia viatu vyake.

"Mtumishi amesema tungoje kwanza. Jumapili anasimikwa kuwa Mtume. Machozi itaharibu sikukuu."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilikuwa nashika koti."

Akina mama wa kanisa walinitumia pole kwa simu, lakini hakuna aliyegonga mlango. Kwetu mkwe ndiye husimama mlangoni kuwapokea wanaokuja kulia. Mlango wangu haukuwa na mtu. Joho la kusimikwa, nililopewa nishone, lilikuwa hapa kwenye cherehani, la mahameli nyekundu, limebaki pindo tu. Jana nililitandika chini nikalikalia, kwa sababu sina mkeka, na kwa hasira pia, nisikudanganye. Nikalia kwa sauti kubwa, kama tunavyolia kwetu.

Aliyekuja ni Mama Zuhura, jirani yangu, Mwislamu wa Tanga anayeuza maandazi. Hakuuliza joho ni la nani. Alivua kandambili, akaketi, akanikumbatia. "Kilio huanza mfiwa, mwanangu, wa mbali wakaingia. Lia." Baadaye wakaingia wawili wa kanisa letu, wamejitanda vitenge hadi machoni wasijulikane. Tulimlilia mama watu wanne, Baba, yeye aliyeliliwa na mtaa mzima huko.

Jioni Bahati akafika.

"Joho iko wapi? Gari inangoja pale kwa robot, kwenye taa za barabarani."

Ndipo akaona tulichokalia. Mama Zuhura aliinuka, akampa mkono. "Pole, baba. Pole kwa kufiwa na mama mkwe."

Nadhani hakuna aliyekuwa amemwambia pole. Aliushika mkono ule, asiuachie. Unajua mama alivyompenda, alivyokuwa akimfichia nyama hata kabla ya mahari. Simu yake ikaita, ikaita tena. Hakuipokea, wala hakuketi nasi. Alibaki amesimama mlangoni, na alipokuja mwanamke mwingine amejifunika, nikamsikia akimwambia, "Karibu, mama. Asante kwa kuja."

Leo Mtume amesimikwa kwa joho la kuazima, na tumeambiwa tumetengwa na kanisa. Bahati amekaa jikoni analitazama bomba. Sijui kama anamlilia mama au analilia koti, na sina nguvu ya kumuuliza.

Msalimie shangazi aliyemwosha mama. Mwambie mdogo wangu Furaha asiigawe ile nguo ya kitenge niliyomshonea mama. Naitaka hata bila kufuliwa.

Nawe uniandikie mazishi yalivyokuwa: nani alikuja, nani alichimba, na nani alisimama mlangoni mahali pa mkwe asiyekuwepo. Usinifiche, Baba. Nitamsomea Bahati.

Binti yako,
Nsimire