Mama Mkwe Amelala

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amekuja leo na begi lake na mto wake. Mto! Utadhani kwangu watu wanalalia matofali. Anasema atakaa nami mpaka mwanawe afanyiwe upasuaji. Nikasema karibu Mama, nikampokea begi. Moyoni nilisema mengine.

Hospitali hakuna jipya. Twiga bado analala chali, haruhusiwi kugeuka bila nesi. Wenzake kazini ndio waliompa jina hilo kwa ule urefu wake, na mimi mkewe nikalizoea. Tangu aanguke kutoka kwenye paa la ghala, miguu haina habari naye. Daktari anasema mfupa wa mgongo umebana neva, na watamfungua Jumatano ya wiki ijayo uvimbe ukipungua. Huenda akatembea. Huenda asitembee. Na upasuaji wenyewe una hatari yake, mtu anaweza asitoke. Yote ameyasema kwa sauti ile ile moja.

Twiga ameniuliza kama paa lilimalizika. Nikamwambia sijui na sitaki kujua.

Jumanne, 4 Machi

Mnyororo wa maombi unaendelea. Dada Mwenyekiti, yule kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, ametugawia zamu usiku na mchana, ili isipite saa Twiga hajaombewa. Wazo zuri. Shida ni watu. Huyu mtoto anaumwa, yule simu ilizima chaji, mwingine "nilipitiwa na usingizi, mpendwa." Kila pengo nalijaza mimi. Siwezi kuliacha wazi. Nikiliacha, saa hiyo hiyo ndiyo — siandiki.

Mama mkwe hayumo kwenye mnyororo. Kanisa lake si letu, wao husali polepole na kwa utaratibu. Jana baada ya kula alipiga magoti kando ya kitanda, akasema maneno machache, akapanda, akalala. Na kukoroma juu yake! Mimi napiga doria sebuleni na Biblia mkononi, yeye anakoroma. Mwanawe hasikii miguu yake. Mama gani huyu? Nimekasirika mpaka chai ya asubuhi imenishinda.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya kituko kazini. Tunashona makoti ya wauguzi, na mimi kazi yangu ni kuunganisha mikono. Basi mzigo mzima wa asubuhi nimeweka mkono wa kulia kushoto, na wa kushoto kulia. Msimamizi akalivaa moja mbele ya kila mtu, mikono ikamvuta nyuma kama kuku anayetaka kuruka. Watu walicheka hadi cherehani zikasimama. Nami nikacheka. Halafu nikaona siwezi kuacha, na kumbe nalia.

Msimamizi hana maneno matamu. Alinifuata nje. "Umelala lini wewe?" Nikasema mimi nalala tu. "Basi kamuulize kioo." Amenipa ruhusa mpaka upasuaji upite. Nikamwambia siitaki. Akasema hakuwa ananiomba.

Wenzangu wamebaki wakifumua mikono yangu. Aibu imenijaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesinzia jikoni nimesimama, uji umeungua. Mama mkwe ameisugua ile sufuria kimya kimya. Bora angesema kitu.

Jumapili, 9 Machi

Ibadani Dada Mwenyekiti amenisimamisha. "Mwoneni dada yetu, halali, yuko magotini kwa ajili ya mumewe!" Watu wakapiga makofi. Nikajisikia vizuri kidogo, nikiri. Kisha ukumbi ukaanza kuzunguka, nikakaa kabla hawajamaliza.

Nyumbani nimemkuta Mama mkwe ametoka kanisani kwake, amekula, yuko kwenye kochi anasinzia. Mchana kweupe. Ikanitoka. "Mama, hivi unawezaje kulala?"

Hakuwaka. Akajiweka sawa. "Nimeshamwambia Mungu. Hajasahau."

"Kwa hiyo tusiombe?"

"Omba. Halafu muachie. Wewe ukimpa mtu mtoto abebe, kisha unamfuata nyuma umemng'ang'ania mtoto mguu, hapo umempa?"

Nikamwambia ni rahisi kusema. Kisha akaniambia jambo ambalo hata Twiga hajawahi kunigusia: kabla yake alizika watoto wawili. Wote wawili alikesha nao, wala hakufumba jicho. "Niliapa sitalala hadi wapone. Sikulala. Na walikwenda, mwanangu. Nilijilaumu miaka, kwamba labda kuna mahali nilisinzia. Siku moja nikachoka kuwa Mungu. Nikamrudishia kazi yake."

Akaenda jikoni kuosha vyombo. Mimi nimekaa hapa. Miaka tisa namwita Mama, na sikuwa namjua.

Jumatatu, 10 Machi

Mchana ujumbe umeingia: zamu ya alasiri haina mtu. Nikaandika "nachukua." Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Mwishowe nikaizima simu.

Nikapiga magoti. Nimesema hivi tu: Bwana, Twiga alikuwa wako kabla hajawa wangu. Nimechoka. Nalala. Kisha nikajilaza kwenye mto wa Mama mkwe, maana ndio uliokuwa karibu. Na kwa kweli ni mto mzuri.

Nimeamka jua linazama. Nikakurupuka, nikaiwasha simu, nikampigia mume wangu hospitali. Twiga akapokea. "Nimekula. Mbona unahema hivyo?" Hakuna kilichotokea. Saa ile imepita, na aliyekuwa zamu ni Mungu peke yake.

Nilidhani amani itakuja na kishindo. Imekuja kama mtu anapotua ndoo kichwani. Shingo ndiyo inajua kwanza.

Jumanne, 11 Machi

Dada Mwenyekiti ameliona pengo. "Mpendwa, adui hapumziki!" Nikasema, basi asipumzike, mimi nimepumzika. Kisha akacheka, akaniambia hata yeye magoti yanamuuma. Kumbe! Tumekubaliana wataomba wanaoweza, na anayelala alale bila kuulizwa. Ni mtu mwema, ana gia moja tu.

Twiga leo ameniuliza waziwazi. "Na nisipotembea?" Nikamwambia utakuwa unanishonea vifungo, mikono si mizima? Akacheka mpaka nesi akachungulia. Halafu akalia. Nikamfuta machozi, na mimi nikalia. Tukaomba, hakuna aliyepaza sauti. Yeye akawaombea wenzake walioko juu ya paa. Mimi nikasema amina, ingawa lile paa bado silipendi.

Jumatano, 12 Machi

Tuko kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Wamemwingiza asubuhi. Mlangoni alinikonyeza, mjinga yule.

Mama mkwe leo si yule niliyemzoea. Amesali, akakaa. Akasali tena. Akaenda dirishani, akarudi, akaanza upya. Midomo haitulii. Nikamshika mkono, ni wa baridi na umelowa jasho. "Vipi, Mama?"

"Leo nimeshindwa," akasema, karibu nisimsikie. "Namkabidhi, namnyang'anya. Namkabidhi, namnyang'anya. Huyu ndiye wa mwisho."

Nikaomba kwa niaba yetu wote wawili: Bwana, huyu mama amebeba vya kutosha. Mwanawe uko naye huko ndani. Na yeye mpumzishe hapa nje. Akasema amina. Nikamwambia leta kichwa, Mama. Alisita kidogo, kisha akakileta.

Sasa amelala begani kwangu. Mzito kweli. Mkono wa kushoto umekufa ganzi, naandika kwa wa kulia, daftari liko gotini.

Naogopa. Na nimetulia. Sikujua kwamba vyote viwili vinaweza kukaa kwenye benchi moja.

Mlango umefunguliwa. Daktari. Kofia bado iko kichwani, anasema kitu na nesi, macho yanatutafuta. Ametuona. Usoni mwake sisomi chochote. Wiki yote nilijua kwamba dakika hii itanikuta nimeshamkimbilia katikati ya korido. Nikisimama, Mama ataamka.

Sijasimama. Anakuja, na atatukuta hapa hapa.