Milioni Moja na Moja

Moose Jaw, 4 Machi

Dada Colleen,

Theluji inayeyuka, na paka wako amenenepa. Baba anaongea! Tangu apatwe na kiharusi, siku kumi na moja, hakutamka neno, hata daktari alipomuuliza jina lake. Jana nikamchokoza ule ualimu wake wa hesabu: "Baba, milioni moja na moja ni namba tasa, haigawanyiki."

Akafumbua macho. "Nani kakudanganya, Bernice? Ni mia moja na moja mara elfu tisa mia tisa na moja!"

Muuguzi akapiga kikokotoo: sawasawa. Nililia kama mtoto.

Halafu akauliza mbona huji. Ugomvi wenu hakuugusa kabisa. Nimemwambia uko njiani, basi njoo.

Mdogo wako,
Bernice