Mawe ya Baba na Parke ya Wamarekani

Ingleburn, Sydney
7 Novemba 2004

Mama yangu Chibalonza,

Kwa Kanisa, kwa Serikali na kwa kuku wote wa uani kwako, natangaza rasmi: tangu Jumatatu mimi Mirindi, mwanao, ni mwenye kadi ya maktaba. Ina jina langu, limekosewa herufi mbili tu.

Jambo sana, mama. Miguu inasemaje? Mimi mzima, ila mgongo, ambao siku hizi ni mali ya ghala la vitanda ninakofanya kazi.

Sasa sikia nilichosoma kwenye gazeti la maktaba. Amerika wamepitisha sheria ya kufanya utafiti, kama sehemu walizotengenezea bomu la atomiki wakati wa vita zigeuzwe parke za taifa. Maabara, viwanda, hata vibanda walimolala wataalamu. Watu wakate tiketi, wapige picha. Nikamkumbuka baba, kijana, akijaza magunia yale mawe meusi, urani ya bomu hilohilo, kwa mikono mitupu bila kuambiwa yanakwenda wapi. Nikacheka peke yangu: labda watafika na kwetu, wazungushe uzio kwenye shimo la baba, waweke na mlinzi mwenye kofia. Dada wa maktaba akaniangalia vibaya.

Nisalimie Mushagalusa katekista.

Mwanao,
Mirindi


Kambi ya Zamani, Likasi
2 Januari 2005

Mwanangu,

Heri ya mwaka. Miguu imevimba lakini inatembea. Kuku watatu wamekufa, waliobaki wanakusalimia.

Barua yako ilisomwa kanisani baada ya misa, kama barua zote za Ulaya. Najua Australia si Ulaya. Mweleze wewe Mushagalusa. Alipofika kwenye parke, hakuna aliyecheka. Wewe ulizaliwa huku mgodini. Mimi nilizaliwa Kivu, kando ya msitu. Walikuja watu wa madaftari, wakasema wanafanya utafiti tu, wakanywa chai kwa mama yangu. Mwaka uliofuata wakaja wa bunduki: hapa sasa ni parke, sokwe anabaki, wewe toka.

Basi wiki iliyopita wamefika watu wa serikali na rangi nyekundu, wakatupaka misalaba milangoni. Eti wachimbaji wametoboa chini ya nyumba zetu, ardhi itazama, tuhame kabla ya Pasaka. Mushagalusa akawaambia, "Wakubwa, msitufanye watoto. Habari ya parke tunayo. Kijana wetu ameshaandika." Wakatazamana. Ukiona mtu wa serikali ameduwaa hivyo, ujue umemshika.

Hatuhami. Kaburi la baba yako liko hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, na sitakata tiketi kumtembelea mume wangu. Jikoni kuna ufa, unaingia kiganja tu, nimeuziba kwa udongo.

Ahsante kwa kutuonya.

Mama yako


Ingleburn
6 Februari 2005

Mama,

Jambo, na miguu, na kuku. Nisamehe kwa kukata salamu.

Hama. Sikuwaonya, nilikuwa natania! Watu wa rangi nyekundu wanasema kweli. Ufa unaoingia kiganja hauzibwi kwa udongo.

Nimerudi maktaba, yule dada akanichapishia sheria yenyewe. Karatasi chache. Inataja sehemu tatu, zote Amerika. Congo haimo. Baba hayumo. Kuna maneno "na mahali pengine muhimu", lakini hayo usimwonyeshe Mushagalusa.

Simu ya Mushagalusa nimeipiga mara kumi na moja. Mwanamke ananijibu kwa Kifaransa kwamba hapatikani. Nimeanza kumzoea. Kazini vitanda vya kwenda Brisbane nimevipeleka Perth. Bosi akauliza kulikoni, nikamwambia mama yangu anaishi juu ya shimo. Akasema pole, nikae nyumbani Ijumaa. Nikae nyumbani nifanye nini?

Kaburi acha, baba atajilinda.

Mwanao anayekupigia magoti,
Mirindi


Kambi ya Zamani
13 Machi 2005

Mwanangu,

Salamu. Miguu vilevile.

Msomaji wa barua ni Mushagalusa. Ulitaka nimfiche vipi? Alisoma "usimwonyeshe Mushagalusa" kwa sauti, kanisa zima likaangua kicheko. Kisha akavua miwani. "Mahali pengine muhimu. Ni wapi, kama si hapa? Bila mawe yetu wangepika nini?" Tangu hapo wanaume wanafagia njia, Mmarekani akija asikute takataka. Waliotaka kuhama wamefungua mizigo, maana mwenye nyumba ndani ya parke huenda akapewa kazi ya ulinzi, na ulinzi una mshahara.

Mimi Wamarekani siwasubiri. Nabaki kwa ajili ya baba yako. Ufa umenipita kimo. Kitanda nimekisogeza mlangoni, usiseme mama yako hana akili.

Mama yako


Ingleburn
17 Aprili 2005

Mama,

Barua yako ya mwezi wa tatu imefika juzi. Jana nimesoma kwenye kompyuta ya maktaba: ardhi imezama katika kambi ya zamani karibu na Likasi, Jumatano tarehe sita. Nyumba sita. Majina hawakuandika.

Simu haiiti hata kidogo. Yule mwanamke wa Kifaransa naye kanyamaza.

Andika, mama. Hata neno moja. Hata la kunitukana.

Mwanao


Likasi
20 Aprili 2005

Mwanangu,

Jambo sana. Miguu ina nafuu, huku kuna lami.

Najua habari umezipata, wewe na gazeti lako. Ndiyo, nyumba imekwenda. Kanisa limekwenda, pamoja na simu ya Mushagalusa iliyokuwa juu ya altare. Baba yako naye amekwenda, amerudi mgodini. Nililia siku mbili, sasa basi. Ilikuwa mchana wa siku ya soko, nyumba zilikuwa tupu. Wamekufa mbuzi.

Padri wa hapa anataka nisimame Jumapili nitoe ushuhuda: jinsi mtoto alivyomwita mama kutoka ng'ambo ya dunia, mama akasikia, akapona. Anasema ni ushuhuda mzuri, utajaza kanisa. Nimekataa. Sikukusikia, Mirindi. Nilikuwa nimeshaamua kufia pale.

Jumatano ile nilikuwa Likasi, nimemsindikiza Mushagalusa kung'oa jino.

Mama yako